Nyumba umeiwekea nondo mwizi asiingie. Usiku wa moto wewe utatokea wapi?

#1 Mtoto wa Tabata

Wakuu salaam.

Wiki iliyopita, saa nane usiku, tuliamshwa na mayowe. Nyumba ya tatu kutoka kwangu ilikuwa inawaka upande wa sebuleni. Tukatoka wanaume na ndoo, mmoja kabeba ngazi, mwingine panga, sijui la kumkata nani. Moto wenyewe tulipofika ulikuwa bado mdogo, kona ya friji na pazia. Kilichotutoa jasho ni watu sita waliokuwa wamesimama dirishani chumbani, wameshika nondo kama mahabusu, hakuna anayeweza kutoka.

Mlango wa mbele una geti la chuma, kufuli mbili. Mlango wa jikoni una geti, kufuli moja kama ya ghala. Madirisha yote nondo za kuchomelea, fremu imezamishwa ukutani. Funguo? Kwenye suruali ya baba mwenye nyumba. Suruali? Imetundikwa sebuleni nyuma ya mlango, huko huko kwenye moto.

Dirisha lilitolewa kwa mtaimbo na nyundo ya fundi mmoja anayeishi mtaa wa nyuma. Lilichukua muda, maana aliyelijenga hakuiba saruji. Wote walitoka hai, ila bibi alivuta moshi mwingi, akalazwa siku mbili.

Nikarudi nyumbani nikakaa kitandani nikahesabu kufuli zangu. Saba. Nikamwamsha mke wangu nimuulize ufunguo wa geti la jikoni huwa unakaa wapi. Akasema, "Si unao wewe?"

Sina.

Basi Jumamosi usiku nikafanya jaribio. Watoto wamelala, nikazima meni swichi, nikapiga kelele "moto!" Nisiwafiche, ilikuwa aibu. Mdogo alijificha chini ya kitanda. Mkubwa alikimbilia mlango wa mbele na kuanza kuuvuta. Mama watoto alishika simu atafute tochi, chaji asilimia 2. Mimi niliyepanga zoezi lenyewe nilijigonga meza, nikasahau nilikoweka funguo dakika tano kabla. Tulitoka nje baada ya dakika sita na ushee, na hapo hakukuwa na moshi wala joto.

Naomba tujadili hili. Mambo ya begi la dharura, tochi na biskuti nayakubali, lakini begi litakusaidia nini kama uko nalo nyuma ya geti? Mods msiuunganishe uzi huu na ule wa bei za mitungi tafadhali.

#2 Kibwengo

Nimeshika siti ya mbele. Wenye uzoefu njooni.

#3 Mjasiriamali Uchwara

Mkuu hadithi inagusa, pole kwa jirani. Ila unaongea kama hukai Dar hii hii. Ufunguo ukiutundika karibu na mlango, vijana wanakuja na fito yenye ndoano, wanauvua saa tisa usiku kama samaki. Mimi walivua suruali nzima na pochi ndani, na dirisha lilikuwa na wavu. Nondo sitoi. Kati ya moto na mwizi, mwizi namwona kila mwezi, moto sijauona tangu nizaliwe.

#4 Mzee wa Bomba

Mjasiriamali, hakuna aliyekuambia utoe nondo. Nilifanya kazi ya zimamoto miaka mingi, sasa nafuga kuku. Ngoja niseme kidogo.

Grili ya dirisha inaweza kuwa na mlango wake. Fundi anakata sehemu ya kupita mtu mzima, anaiwekea bawaba, kufuli inakaa upande wa ndani. Ukiangalia kutoka barabarani huioni tofauti. Fanya hivyo dirisha moja kwa kila chumba cha kulala, mengine acha kama yalivyo. Ufunguo wake mmoja unakaa chumbani humo humo, kwenye msumari, upande ambao mtu wa nje hata akiwa na fito ya mita tatu haufikii, na urefu ambao mtoto wa miaka saba anaufikia. Msumari ule hautundikwi kitu kingine. Na ule ufunguo hauazimwi, hauendi kufungua stoo wala kabati. Siku ukiuazima ndiyo siku utakayouhitaji, nawaambia kwa niliyoyaona.

Watu wanadhani moto unaua kwa kuunguza. Wengi tuliowatoa hawakuwa na jeraha, walikufa kwa moshi, wengine wamelala tu kitandani vile vile. Harufu ya moshi haimwamshi mtu aliyelala fofofo. Na siku hizi sebule imejaa sponji: godoro, makochi, mito. Sponji ikiungua inatoa moshi mweusi wenye sumu, na chumba kinajaa kwa dakika chache tu. Kwa hiyo kengele ya moshi ya betri, ile ya duara ya kubandika darini, ni kitu cha kununua kabla ya televisheni ya pili. Weka kwenye korido ya vyumba. Usiweke jikoni, itapiga kelele kila ukikaanga dagaa, mwisho utaing'oa betri.

Ukiamka kuna moshi, shuka chini utambae, hewa safi iko chini. Mlango ushike kwanza kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto usiufungue, nenda dirishani. Ukitoka chumba chochote funga mlango nyuma yako, hata kama ni wa mbao nyepesi, unakupa dakika. Na ukishatoka usirudi. Nimemzika mtu aliyerudi kuchukua vyeti.

Halafu ile namba ya zimamoto ni 114, haina malipo. Mnapiga mnasema "njooni Mbagala moto!" kisha mnakata. Mbagala ni kubwa kuliko wilaya zingine! Taja kata, mtaa, na kitu kinachoonekana: msikiti, shule, kituo cha daladala. Zile namba za nyumba tulizobandikiwa 2022 kwenye Anwani za Makazi, watu wengi wamezipaka rangi juu. Ziandikeni kwenye karatasi mbandike mlangoni kwa ndani, maana ukiwa na hofu hata jina la mtaa wako linapotea. Kisha tumeni kijana akasimame barabara kubwa aongoze gari. Gari likipotea kwenye vichochoro mnatutukana sisi.

#5 Mtoto wa Tabata

Mzee wa Bomba shikamoo. Hiyo ya kutuma mtu barabarani, jirani yetu hakuna aliyeikumbuka. Gari lilikuja likapita, likarudi.

#6 Mama Wawili

Mimi naomba niongee kitu ambacho kina baba hapa mnakipita.

Mnaongelea usiku. Haya, mchana je? Kuna nyumba ngapi ambazo baba na mama wanaondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni, wanamfungia dada wa kazi ndani na watoto, kufuli kwa nje, funguo wanakwenda nazo kazini Posta? Msijifanye hamjui. Sababu ni zile zile: dada ataleta mwanaume, dada ataiba, dada atatoroka. Mimi nimefanya hivyo mwaka mzima. Siku moja dada alinipigia analia, mtungi wa gesi unatoa sauti ya kufoka na harufu imejaa nyumbani. Mimi niko ofisini, funguo mkononi, kutoka mjini hadi Kinyerezi mnajua wenyewe. Dada ana miaka 19, mwanangu wa pili ana miezi tisa. Jirani aliwapitishia maji kwenye nondo, eti wamwagie mtungi. Nilikaa kwenye ile bajaji nikawa nasali tu.

Mungu ni mwema, lilikuwa jiko la mtungi mdogo limeachwa wazi, dada akafunga. Jioni nilimkabidhi funguo zote na nikamwomba msamaha. Hajaiba kitu, huu ni mwaka wa tatu. Kama humwamini mtu kiasi cha kumpa ufunguo wa mlango, unamwachiaje mtoto?

#7 Mjasiriamali Uchwara

Mama Wawili umenipiga ngumi ya tumbo. Mimi pia nafungia. Sijibu zaidi.

#8 fundi_waya

Naongezea upande wangu, na nitasema ukweli hata kama mafundi wenzangu watanuna.

Kwenye moto wa jirani wa mtoa mada nakisia friji ilikuwa kwenye ekstensheni moja na televisheni, king'amuzi na feni. Nikosoeni kama siyo.

#9 Mtoto wa Tabata

Na pasi. Umepatia.

#10 fundi_waya

Naam. Ekstensheni za bei poa ndani zina waya mwembamba kama uzi wa kushonea. Friji, pasi, hita ya maji, jiko la umeme, kila kimoja kinataka soketi yake ya ukutani. Umeme ukikatika chomoa friji, maana ukirudi unaweza kurudi kwa nguvu isiyotabirika.

Dalili mnazozidharau: soketi ya moto ukiigusa, plagi imebadilika rangi kuwa kahawia, taa zinafifia ukiwasha pasi, harufu kama ya samaki au plastiki inayoungua na huoni inakotoka. Hizo siyo za kusubiri mwisho wa mwezi. Na ile tabia ya sakiti breka ikiruka mara kwa mara unaita kishoka, fundi wa mtaani asiye na leseni, akuwekee kubwa zaidi isiruke tena! Inaruka kwa sababu waya umezidiwa. Ukiweka kubwa umeinyamazisha, waya unaendelea kuchemka ndani ya bomba ukutani.

Kila aliyefikia umri wa kushika simu hapo nyumbani aonyeshwe meni swichi ilipo na namna ya kuishusha. Mtu akiwa ananaswa na umeme usimshike, shusha swichi kwanza. Na nyumba za mabondeni, maji yakianza kupanda mnashusha swichi mapema, mkono mkavu, miguu mikavu. Maji yakishafika miguuni usiiguse tena, ondoka.

#11 Mnyalukolo

Huku kwetu Njombe tunakufa kimya kimya, hakuna moto wala kelele. Mwezi wa sita na wa saba baridi inakaza, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa kanga. Asubuhi familia nzima imelala moja kwa moja, halafu mtaani inasemwa wamelogwa.

Hakuna mchawi. Mkaa unaotoa joto bila hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inaikamata damu kuliko hewa ya oksijeni inavyoikamata. Unaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, miguu inakuwa mizito, unadhani ni malaria. Kuna watu wanaacha mkaa uive hadi uwe mwekundu bila moshi ndipo wauingize wakidhani umekuwa salama. Ule mwekundu ndio unaoua, kwa sababu hakuna moshi wa kukukera utoke nje. Ota moto nje au jikoni, kisha ingia kitandani na blanketi zako mbili. Jenereta nayo ni hivyo hivyo, msiiweke korido.

#12 Kibwengo

Mnyalukolo na mke je, siyo joto? 😂

#13 Mnyalukolo

Kibwengo wewe wa Dar hujui baridi, nyamaza.

#14 Shangazi wa Ukonga

Watoto wangu, mnaongea ya moto, mimi nitawapa ya mabomu.

Tarehe 16 Februari 2011, ghala za silaha Gongo la Mboto zilipoanza kulipuka usiku, watu tulikimbia kila mtu na njia yake. Zaidi ya 20 walikufa. Simu zilikuwa haziendi, kila mtu anapiga kwa pamoja. Mimi nilikimbia na watoto wawili, wa tatu alikuwa ametumwa dukani. Watu wengi walikusanywa Uwanja wa Uhuru, na watoto wengi walipotezana na wazazi. Wangu nilimpata siku ya pili kwa mtu nisiyemjua, Kiwalani. Alikuwa na miaka sita, anajua jina langu kuwa ni "Mama". Baba yake ni "Baba". Utamsaidiaje mtoto huyo?

Tangu hapo mtoto wa kwangu, na wajukuu sasa, akianza kuongea sawasawa anafundishwa jina la mama na la baba kamili, mtaa, na namba moja ya simu kwa kuimba. Namba yenyewe ni ya shangazi yao aliye Dodoma, siyo ya kwangu. Simu yangu inaweza kuwa imeungua, yeye aliye mbali anapatikana, kila mmoja wetu anampigia yeye. Na tuna mahali pa kukutana: mwembe wa shule ya msingi. Nyumba ikiwaka, ardhi ikitetemeka, kwenye mwembe. Siku ile wa Kagera walipopata tetemeko mwezi wa tisa 2016 mjukuu aliniuliza "Bibi, nao wana mwembe?"

#15 Mtoto wa Tabata

Shangazi hii ya namba ya mtu wa mbali naichukua leo hii. Shikamoo sana.

#16 Pwani Asilia

Salaam kutoka Mombasa, Mvita. Nawasoma Wabongo. Huku pia nyumba za kale zina milango mizito lakini huwa kuna ngazi ya darini, mtu akakimbilia paa la jirani. Ghorofa mpya hizi ndizo zimefungwa kama benki.

Nilitaka kuongeza la gesi. Nadhani mwasikia habari ya Embakasi, Nairobi, tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka usiku pahali ambapo mitungi ilikuwa yajazwa bila kibali. Sasa mtu ataka mtungi rahisi, haulizi umejazwa wapi. Nunua dukani panapojulikana, angalia kifuniko cha plastiki cha juu hakijachezewa, na mtungi wenyewe haujaliwa na kutu kwenye kitako.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, haipandi juu, yatambaa sakafuni mithili ya maji, yajaa chini ya kabati na kitanda. Ndiyo maana kuweka mtungi ndani ya kabati lililofungwa si salama. Ukisikia harufu, swichi za stima (umeme) usiguse: usiwashe wala usizime, cheche ni ile ile. Funga koki, fungua milango, peperusha kwa kanga kuelekea nje ukianzia chini, kisha toka na simu upigie nje. Kumwaga maji mtungi hakusaidii lolote, Mama Wawili. Na kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye kiungo na mpira. Likitoa mapovu, yavuja. Mpira wenyewe ukunje kwa mkono, ukiona nyufa badilisha. Panya nao hupenda sana kuutafuna.

#17 Mzee wa Bomba

Pwani yuko sahihi. Naongeza mafuta ya kukaangia: yakishika moto sufuriani usimwage maji. Maji yanazama chini ya mafuta, yanachemka ghafla na kurusha moto mpaka darini. Zima jiko, funika kwa mfuniko, usilibebe kulitoa nje, liache lipoe. Na mtu akiungua, maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Siyo dawa ya meno, siyo yai, siyo asali, siyo unga. Hospitali wanaanza kazi ya kukwangua dawa ya meno kwanza, mgonjwa analia mara mbili.

#18 Jangwani Survivor

Sisi wa bondeni tuna geti la aina yake: maji. Desemba 2011 mto Msimbazi ulipofurika zaidi ya watu 40 walikufa Dar. Tulikaa juu ya bati usiku mzima. Wengine walihamishiwa Mabwepande, wengine tukarudi, sitaki kubishana kwa nini tulirudi.

Nilichojifunza ni kimoja. Tulikuwa na muda. Maji yalianza kuingia mtaani jioni, tukasema "yatapungua kama mwaka jana". Tukapandisha godoro juu ya meza, tukapandisha friji juu ya matofali, tukahangaika na vitu mpaka njia ikafungwa. Sasa nimechora mstari kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa choo cha nje. Maji yakigusa mstari tunaondoka, hakuna kikao. Begi liko juu ya kabati: vyeti na nakala za vitambulisho vya NIDA kwenye mfuko wa plastiki, dawa za presha za mama za wiki mbili, tochi, nguo za watoto, fedha taslimu kidogo maana mtandao ukikatika simu haina pesa. Na vidonge vya kutibu maji, kwa sababu baada ya mafuriko kinachofuata ni kipindupindu.

#19 Mjasiriamali Uchwara

Wakuu nimerudi. Fundi grili amekuja leo. Kanitajia 55,000 kwa dirisha moja, kukata na kuweka bawaba. Nimemwambia afanye mawili, cha watoto na cha kwetu. Dada nimempa ufunguo wa mlango wa jikoni. Hakusema kitu, alishika tu akauangalia, akaingia ndani. Mke ananicheka.

#20 Mama Wawili

Mjasiriamali ubarikiwe baba.

#21 Mtoto wa Tabata

Ripoti ya zoezi la pili, jana usiku. Tochi moja kila chumba, imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa kitanda isitembee. Ufunguo kwenye msumari. Mkubwa kapewa kazi ya kumshika mdogo mkono, siyo kukimbilia mlango. Mama watoto anachukua wa mwaka mmoja, mimi nafungua. Meni swichi ikashuka, nikapiga kelele.

Dakika moja na sekunde kumi, wote chini ya nguzo ya umeme nje. Mdogo alitoka na mto wake. Tulipohesabiana tukakuta mmoja hayupo: mama mkwe, amekuja juzi kutoka Singida, analala chumba cha nyuma, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Tulimkuta amekaa kitandani gizani, amevaa kitenge na viatu, mkoba mapajani, anasubiri amwone nani atakayemfuata.

#22 Kibwengo

😂😂 Mkuu hapo umejitafutia kesi ya ukoo mzima. Huyo mama anatumia fimbo au anatembea vizuri?

#23 Mtoto wa Tabata

Magoti yanamsumbua, na usiku anavua kifaa cha kusikia. Mzee wa Bomba, kwa mtu kama huyo tunafanyaje? Tumhamishie chumba cha mbele?

#24 Mzee wa Bomba

Mhamishe karibu na mlango unaofunguka kirahisi, na umtaje mtu mmoja kwa jina ambaye kazi yake ni yeye tu. Siyo "tutamchukua", ni fulani. Msilalishe mtu asiyesikia chumba cha mwisho cha korido. Zoezi la tatu mfanye yeye akiwa amelala kweli, na umwombe radhi kabla.